Kila Jina na Bakuli Lake

Esperansi aliingia msibani na begi la kompyuta begani, nami badala ya kulia nikacheka. Wanawake waliokaa mkekani walinitazama vibaya, na walikuwa na haki, kwa sababu jeneza la bibi yake lilikuwa bado sebuleni kwangu na padri alikuwa njiani. Sikuweza kujizuia. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu tuagane. Alikuwa amevuka mpaka wa Manyovu asubuhi ile, mvi zimemwanza, amenenepa kidogo, lakini begi amelibana kwapani vilevile kama zamani, kana kwamba kuna mtu atakayemuuliza kazi yake ni nini akakosa la kuonyesha. Alinikumbatia akasema, "Pole sana, dada. Mfiwa ni wewe, mimi mgeni tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko vilio vyote vya siku ile. Sasa tumezika, matanga yameanuliwa, majirani wamerudi kwao na viti vyao, yeye yuko uani anaosha masufuria, na mimi siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Bibi aliniambia jambo wiki chache kabla hajafa, na mpaka sasa sijui kama nimweleze mjukuu wake au nilimeze. Ila jambo lenyewe halieleweki bila ule mwaka wa chumba cha Katubuka, kwa hiyo nianzie huko.

Ulikuwa mwaka ambao wakimbizi wa Burundi walianza kuulizwa kama wanarudi kwao au wanabaki. Kigoma nzima ilikuwa haitulii. Malori yalipita, magari meupe yalipita, na kila mwenye redio alikuwa na habari yake tofauti na ya jirani. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, kina dirisha moja lenye nondo na kompyuta tatu tulizozifunika kwa khanga kila umeme ulipokatika, maana vumbi la Katubuka halina adabu. Upande wa pili wa ukuta waliishi mama mmoja na wifi yake ambao waligombana kutwa juu ya kuku, nasi tulijua ugomvi wao hatua kwa hatua: kuku katagia wapi, yai kala nani, kaka mtu kasema nini. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya dagaa wa Katonga mpaka kwenye kibodi. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika programu, nikiwa msichana ambaye hata barua ya posta sikuwahi kuandika bila kusaidiwa anwani.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Kweka, mtu wa Kilimanjaro, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma bila kupenda na asiyechoka kulisema hilo. Ofisi moja iliyoshughulikia wakimbizi ilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kuuliza lile swali, naye akatuchukua sisi wawili tumsaidie: mimi kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na nilikuwa mwepesi wa kuchapa, Esperansi kwa kuwa alijua Kirundi na Kifaransa na alikuwa na kibali cha kutoka kambini. Mchana mama muuza chakula alituletea ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, na Mwalimu aliyasogeza mawese pembeni kwa kijiko kama anayechambua ushahidi. "Kwetu," alikuwa akisema, "mtu anakula ndizi akashiba." Esperansi alimjibu siku moja, kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu, lakini huku pia ndizi zipo. Kalinzi wanazo mpaka zinaoza." Mwalimu akasema ndizi za Kalinzi si ndizi, ni majaribio. Tulicheka mpaka wifi wa ukuta wa pili akauliza kuna nini.

Lugha aliyotufundisha ilikuwa Python, na alituambia maana yake ni chatu ili tusiiogope, jambo lililotufanya tuiogope zaidi. Kwenye skrini alitaka litokee dirisha lenye majina ya watu wa kaya moja, na mbele ya kila jina viduara viwili: Kurudi na Kubaki. Viduara hivyo huitwa vitufe vya redio. Mwalimu alitueleza kwa mfano wa redio kaseti za zamani, ambazo ukibonyeza kitufe kimoja kile kilichokuwa chini kinaruka juu chenyewe. Haviwezi kukaa chini viwili. Mwanzoni tuliandika kila kiduara kwa mkono, mstari baada ya mstari, na kaya ya watu tisa ikajaza ukurasa. Tukija kwenye kaya ya watu watatu tunafuta, tukija kwenye ya watu saba tunaandika upya. Nilichoka nikamwambia Mwalimu kazi hii heri kuparua dagaa. Ndipo akatufundisha lupu. Unaipa kompyuta orodha ya majina, unaiambia: kwa kila jina lililomo, andika jina, kisha chora viduara viwili. Mistari mitatu tu. Akabonyeza, na kaya ya watu tisa ikamwagika kwenye skrini yote kwa mara moja, imepangika. Esperansi alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nilitoka nje nikazunguka duka la magodoro mara kadhaa, maana furaha nyingine haikaliki.

Jambo moja zaidi ndilo lililokuja kutusumbua. Kila jibu lazima liwe na mahali pa kukaa, na mahali hapo pana jina lake refu la Kiingereza, lakini Mwalimu kwa ajili yetu alipaita bakuli. Viduara vinavyotumia bakuli moja ni ndugu: kimoja kikibonyezwa, jibu linaingia bakulini, na vingine vyote vinaangalia humo kujua vijichore vipi. Mwalimu aliandika mstari wa bakuli juu kabisa, kabla ya lupu kuanza. Maana yake kaya nzima ilikuwa na bakuli moja. Tulipojaribu, nikabonyeza Kurudi kwa jina la kwanza, na majina yote chini yake yakaruka kwenye Kurudi pamoja naye. Nikabonyeza Kubaki kwa mtoto wa mwisho, na baba yake na mama yake wakahamia Kubaki. Hakuna aliyeona kosa. Watu wa ofisi walipokuja kutazama walifurahi, mmoja akasema mashine ina heshima. Mwenye kaya akijibu si wote wamejibiwa? Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Ujiji mzee akisema tunakula, tunakula, na akisema tunahama, wengine tunasikia tukiwa tumeshabeba godoro. Nami nilikipenda kile kitendo cha kuruka, nilikiona kizuri.

Esperansi alikuwa analala kwetu Ujiji siku za kazi, kwenye chumba changu, na mwisho wa juma alirudi kambini kwa mama yake na bibi yake, mama wa mama. Nilikwenda naye mara nyingi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu vizuri kuliko nyumba nyingi za mjini, na ndani kulikuwa na vigoda vitatu, jiko la mkaa, na Bibi amekaa kwenye jamvi akichambua maharage. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo alijibu "ego" akikubali na "oya" akikataa, na zaidi ya hapo alikuachia mwenyewe. Mama yake Esperansi ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Alikuwa na shamba la michikichi kwao upande wa Rumonge, alilitaja kila saa kama mtu anayemtaja mtoto aliyeachwa kwa jirani. Jumamosi moja, tunakula maharage na ndizi, alisema, "Siku ya kuulizwa nitajibu mimi. Tunarudi wote. Neno moja, basi." Esperansi aliacha kula. Bibi aliendelea kutafuna, macho kwenye sahani.

Tulirudi mjini siku iliyofuata. Asubuhi ya Jumatatu alifika chumbani, akaondoa khanga kwenye kompyuta, akaandika majina matatu: la mama yake, la Bibi, la kwake. Akabonyeza Kurudi kwa mama yake. Yote matatu yakaruka. Akakaa akiyatazama, kisha akaniita.

"Zuhura, njoo uone. Mimi nipo wapi hapa?"

"Si huyo wa tatu?"

"Huyo jina langu. Mimi nauliza mimi nipo wapi."

Nilimwambia asijisumbue, familia ni sinia moja. Akasema chakula ndiyo kinaliwa kwenye sinia moja, jibu si chakula. Kuna jambo lililonishika pale pale, na nitalisema lilivyokuwa: nilimtaka abaki. Tulikuwa na mpango. Karibu na soko la Ujiji kulikuwa na chumba kilichokuwa duka la mafuta ya taa, kimefungwa, na mwenyewe alikuwa tayari kutupangisha. Tulikuwa tumekwisha kukifagia kwa ruhusa yake, tumebishana rangi ya mlango, tumepanga kompyuta ya kwanza ikae wapi ili jua lisiipige. Tungefundisha watu kuchapa, tungewaandikia maombi ya kazi. Mama yake akijibu kwa niaba ya wote, chumba kile kimekufa. Esperansi akijibu mwenyewe, kipo. Kwa hiyo nilivua viatu nikaketi karibu naye na tukaanza kuitafuta njia.

Dawa ilikuwa ndogo mpaka ikatia hasira. Ule mstari wa bakuli uliokuwa juu ya lupu ulitakiwa ushuke uingie ndani ya lupu, usogezwe kulia nafasi nne, basi. Ukiwa nje, bakuli linaundwa mara moja kwa ajili ya wote. Ukiwa ndani, kila jina linapofikiwa linaundiwa bakuli lake. Tukausogeza. Tukabonyeza Kurudi kwa mama, na mistari miwili iliyobaki ikatulia mahali pake. Sijui kwa nini niliogopa. Skrini ilionekana kama nyumba ambayo watu wamekaa kila mmoja kaugeukia ukuta wake.

Mwalimu Kweka alipoona alikasirika. Alisema ofisi imeshaikubali ya kwanza, alisema tutawagombanisha watu na wazazi wao, alisema kazi yetu ni kuandika tunachoambiwa. Alisema hayo yote huku amesimama, na Mwalimu akisimama ujue hakai karibuni. Esperansi aliinamisha kichwa. Kwao kambini mtu hajibizani na mwenye muhuri, na kwake yeye Mwalimu alikuwa na muhuri. Mimi sikuwa na adabu hiyo.

"Mwalimu," nikasema, "wewe uliulizwa kuja Kigoma?"

"Unasemaje, binti?"

"Nauliza tu. Kila siku tunasikia ndizi za kwenu. Uliulizwa?"

Upande wa pili wa ukuta hata wagomvi wa kuku nadhani walikuwa wanasikiliza. Mwalimu akakaa. Akavuta kikombe chake cha chai iliyopoa, akakinywa chote, akatazama dirishani. Alisema kwamba siku ya kuhamishwa alikuta barua tu mezani, na mke wake alijua kabla yake kwa sababu karani alikuwa jirani yao. Baadaye akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta yetu, akaijaribu, akaguna. "Mmesogeza vizuri, lakini mmefanya ujinga," akasema. Tulikuwa tumeunda mabakuli na kuyaacha hovyo, na lupu ilipofika jina la pili lile bakuli la kwanza halikuwa na wa kulishika. Alituonyesha: tulipohifadhi, kompyuta ilikumbuka jibu la jina la mwisho tu. Wengine wote walikuwa wamejibu bure. Akaandika orodha tupu, akaiita kapu, juu ya lupu, na ndani ya lupu akaongeza mstari wa kuliweka kila bakuli kapuni mara linapoundwa, lisipotee. Esperansi naye akaomba jambo moja, kwamba kila bakuli lianze na neno "bado" ndani yake, ili dirisha likifunguka pasiwe na kiduara kilichokwisha kujazwa kwa mtu asiyejibu. Mwalimu alitaka Kurudi kiwe kimejazwa tayari, kwa vile wengi watarudi na itaokoa muda. Wakatazamana. Mwalimu akaandika "bado". Wakubwa wa ofisi aliwaendea mwenyewe, sijui aliwaambia nini, lakini alirudi na ruhusa.

Miezi iliyofuata sikumbuki kama nililala usingizi wa mtu mzima. Tulipelekwa kambini na kompyuta za kubeba, tukawekwa chini ya hema, na kaya zikaja. Nyingi zilibonyeza sawasawa wote, mzee akatazama vidole vya wanawe na wanawe wakamtazama yeye. Chache hazikuwa hivyo. Nilimwona kijana aliyebonyeza Kubaki huku jasho linamtoka, na baba yake akacheka kwa mshangao akasema kumbe mtoto ana mikono. Nilimwona pia mke aliyebonyeza tofauti na mume, wakatoka nje, wakarudi, wakaomba waulizwe upya, na wakatoka tena vilevile. Kila jioni nilimwuliza Esperansi kama amekwisha kuongea na mama yake, naye alisema ataongea. Nilikuwa nahesabu chumba cha Ujiji kama chetu. Nilikuwa nimeshanunua kufuli.

Zamu yao ilifika asubuhi ya jua kali. Esperansi aliondoka kwenye kiti cha mwandishi akaenda kukaa benchini pamoja na mama yake na Bibi, nami nikabaki kwenye kompyuta peke yangu. Nikaandika majina matatu, lupu ikachora, viduara sita vitupu. Nikasoma swali kwa Kiswahili, Esperansi akalirudia kwa Kirundi ingawa wote walikuwa wamelielewa. Mama akaja mezani, nikamwonyesha namna ya kushika kipanya, akabonyeza Kurudi. Akaangalia chini, kwenye majina mengine. Akabonyeza tena.

"Mashine imeharibika," akasema. "Yangu imeandika, yao haikuandika."

"Haijaharibika, Mama," Esperansi akamjibu kutoka benchini. "Inawasubiri wenyewe."

Mama aligeuka akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Mimi nilijua kinachofuata, au nilidhani najua. Lakini aliyesimama alikuwa Bibi. Alikuja polepole, akakishika kipanya kwa mikono miwili kama anashika kifaranga, akaniuliza Kubaki ni kipi. Nikamwonyesha. Akabonyeza.

"Mama," mama yake Esperansi akasema, sauti imekatika. "Mama, unafanya nini? Nani atakuzika huku?"

"Mume wangu kazikwa hapa," Bibi akasema. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Siwezi kumwacha. Espe atakaa na mimi kama anapenda."

Nilimwona Esperansi anamtazama bibi yake, kisha mama yake, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, siyo kwa kuzimia, ila kama mtu aliyetua mzigo mahali asipokusudia. Nami, kwa haraka yangu iliyonitangulia tangu kuzaliwa, nikaona ninaweza kusaidia. Nilidhani Esperansi anaogopa mzigo wa kumlea kikongwe peke yake. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Bibi akibaki atakaa kwetu Ujiji. Nyumba ipo, nitamtunza mimi." Esperansi akanigeukia. Uso wake ulifunguka, akanishukuru kwa Kirundi, "urakoze," jambo ambalo hakuwahi kulifanya na mimi. Akaja mezani, akainama, na kwenye jina la tatu akabonyeza Kurudi. Nilimwambia labda amekosea. Akasema, "Sijakosea, Zuhura. Hifadhi." Nikahifadhi.

Waliondoka mvua za kwanza zilipoanza. Nilikwenda kuwaaga, nikalia kwa kelele mpaka mama yake akanibembeleza yeye, aliyekuwa anamwacha mama yake mzazi nyuma. Chumba cha mafuta ya taa kilichukuliwa na muuza vitenge. Mwalimu Kweka alipata uhamisho aliokuwa anauomba na siku ya kuondoka akanunua ndizi za Kalinzi mkungu mzima, akasema ni za kuonyesha watu. Na mimi, baada ya foleni nyingi na mihuri mingi, nikampokea Bibi nyumbani kwetu na jamvi lake na kifurushi kimoja. Nilimtaka mjukuu, nikapewa bibi.

Sitadanganya kwamba tulipendana siku hiyo. Alisema ugali wangu ni uji uliochelewa. Alikataa kula nasi kwenye sinia, akatoa kwenye kifurushi bakuli lake la bati lenye maua mekundu akasema amelizoea hilo, na ndilo alilolitumia mpaka mwisho, hata kwenye harusi yangu. Nyumba yetu ni ya Kiislamu, yeye alikuwa Mkatoliki wa rozari kila siku, nami kila Jumapili nilimfikisha kanisani nikamsubiri nje chini ya kivuli, mpaka waumini wakanizoea wakawa wananisalimu kwa jina. Nikimtania kwamba arudi kwa mwanawe Rumonge, alinijibu, "Nimeshabonyeza." Wanangu walimjua kuwa ndiye bibi yao, na walipokuwa wakubwa wa kutosha kuambiwa ukweli walikasirika na hawakuukubali. Mambo ya kumpeleka kwenye kaburi la mumewe nilimwambia mara nyingi mwanzoni. Siku zote miguu ilimuuma.

Basi wiki zile za mwisho, ninamlisha uji, ndipo aliposema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kitambo, alisema vizuri kabisa. "Zuhura, mimi sikutaka kubaki. Yule mzee hata alipokuwa hai sikupenda kukaa naye karibu. Nilitaka Espe apate sababu. Nilijua moyo wake uko huku kwenu na mashine zenu, na hawezi kumwacha mama yake bila sababu. Nikampa sababu. Halafu wewe ukasema utanitunza." Akameza uji. "Ulifanya vizuri. Lakini ulisema mapema." Nilikaa na kijiko mkononi mpaka uji ukapoa. Miaka yote nilikuwa najiona mtu aliyemsaidia rafiki yake, kumbe mimi ndiye niliyefunga mlango ambao kikongwe alikuwa ameufungua kwa maisha yake yote yaliyobaki. Niliona uchungu, na mpaka leo ninao. Naye hakunilaumu, aliomba chumvi tu kwenye uji.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nifagie ua mara ya nne leo. Mwishowe niliutupa ufagio nikamfuata Esperansi kwenye masufuria, nikakaa juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Espe. Bibi hakutaka kubaki."

Hakuacha kusugua. "Najua."

"Alikwambia nani?"

"Hakuna. Lile kaburi hakuwahi kwenda hata siku moja, miaka yote ya kambini. Mama ndiye alikuwa analipalilia. Bibi akasema hawezi kumwacha mume wake, nikataka kucheka pale pale kwenye benchi."

"Kwa hiyo ulijua anakupa njia."

"Nilijua."

"Na mimi nikaiziba kwa mdomo wangu."

"Wewe uliniondolea hofu ya nani atamtunza. Hujaziba kitu." Aliinua sufuria akamwaga maji kwenye mgomba. "Nilikuwa nataka kubaki, Zuhura, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kusema naenda. Siku ile mstari wangu ulipokataa kuruka, nikaona hakuna anayenivuta tena. Mama kakaa kwenye vumbi. Nikajiuliza mwenyewe, nikasikia nataka kwenda naye. Ningebaki, ingekuwa ni Bibi amenijibia."

Nilikuwa na swali ambalo limenikaa kooni miaka yote hii, na sikuwa na haya nalo tena. "Na chumba chetu? Hukukitaka?"

"Nilikitaka. Nililia mpaka mpakani kwa ajili ya kile chumba." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Kutaka, mtu anataka vyote. Kubonyeza ndiyo kimoja."

Akaendelea na vyombo. Chini kabisa ya beseni alilikuta bakuli la bati, maua yake mekundu yamefutika upande mmoja, pale kidole gumba cha Bibi kilipokuwa kinashika. Alilisuuza, akalikausha kwa upindo wa khanga yake, akaligeuzageuza. Begi lake lilikuwa mlangoni, zipu wazi, na gari la Manyovu linaondoka kesho asubuhi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie achukue, ni mali yake. Nikaufunga.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

Alifikiri. Wanangu walikuwa wanaitana ndani, jirani alikuwa anatwanga kisamvu, na sikumharakisha.

"Libaki," akasema. Akalifudikiza juu ya kichanja pamoja na sahani zetu, akavuta sufuria lililofuata.